Gari-nyumba la kukodi, Lusaka hadi Mosi-oa-Tunya: somo kwa wazazi wa Lubumbashi

Jambo wote. Tangu niwatumie humu kikundini picha za watoto wakila bukari (ugali) mlangoni mwa gari kule Livingstone, Zambia, karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls), simu yangu haijapumzika. Swali ni lilelile: nyumba ile yenye magurudumu mliipata wapi, na mtu wa kawaida anaiweza? Basi naandika yote hapa mara moja. Tulikuwa watano: mimi, mama watoto, mapacha wa miaka 9, na mdogo wao wa miaka 5 ambaye hadi leo anaiita "nyumba inakimbia". Siku nane, mwezi wa nane, wakati wa kiangazi.

Kwanza niondoe hofu moja. Watu hudhani gari-nyumba lina ufundi wa ajabu. Ndani yake kuna nini? Tangi la maji linaloisha, betri inayozimika, chupa ya gesi inayokata kabla maharage hayajaiva, na choo kinachotaka kumwagwa. Wewe uliyekulia Katuba, kwetu Lubumbashi, ukipanga bidoni (madumu) za maji kwenye foleni ya bomba, ukajifunza kuangalia betri ya sola kabla ya kuwasha televisheni, masomo hayo umekwisha kuyamaliza. Atakayeteseka ni yule aliyezoea kufungua bomba na kuliacha likitiririka huku anapiga mswaki.

Hatua ya 1: Kodi ng'ambo, usivushe gari

Lubumbashi sijapata mtu wa kukodisha gari la namna hii, kwa hiyo sisi tulikodi Lusaka kwa mtu binafsi. Ni gari refu la dizeli lililowekwa vitanda, sinki, jiko la gesi na choo kidogo. Asubuhi ya kwanza tulichukua taksi hadi Kasumbalesa, kama kilomita 90, tukavuka mpaka kwa miguu na mabegi yetu, tukaendelea kwa basi. Tulilala Kitwe. Msijaribu kufika Lusaka siku hiyohiyo mkiwa na watoto. Mpaka peke yake unaweza kula nusu siku, na foleni ya malori ya shaba mnaijua.

Mtakapokuwa mnauliza magari, swali la kwanza lisiwe "lina vitanda vingapi". Ulizeni lina viti vingapi vyenye mkanda. Gari la kwanza tulilooneshwa lilikuwa na vitanda vya watu watano na mikanda minne. Mwenyewe akasema mdogo anaweza kulala nyuma wakati wa safari. Hapana! Kitanda si kiti. Tukaliacha.

Hatua ya 2: Karatasi

Pasipoti ya kila mtu, mtoto naye. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, abebe idhini ya mwenzake iliyotiwa muhuri. Habari za viza ulizeni konsula ya Zambia mjini kabla ya kulipa chochote. Leseni yetu imeandikwa Kifaransa, na mwenye gari alitaka kibali cha kimataifa cha kuendesha. Nilikitafuta mapema, sikungoja wiki ya mwisho.

Mkataba wa bima usomeni hadi maandishi madogo. Kuna ile franshizi, yaani kiasi unacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Na mara nyingi matairi, kioo cha mbele, paa na tumbo la gari haviguswi na bima kabisa. Kwa gari refu, paa ndilo litakaloumia kwanza.

Hatua ya 3: Siku ya kupokea gari, usiwe na haraka

Hapa ndipo pesa zinaokolewa. Sisi tulikaa saa mbili kwa mwenye gari, naye alianza kununa. Muache anune. Washa simu, rekodi video ukizunguka gari polepole: kila mkwaruzo, kila taa, matairi yote pamoja na la akiba, bampa la nyuma, paa. Kisha ingia ndani uwashe kila kitu kwa mkono wako mwenyewe, usioneshwe tu. Pampu ya maji. Jiko. Friji. Kufungua na kufunga choo. Siku ya kurudisha, yule bwana alitaka kutukata dhamana kwa ajili ya mkwaruzo wa bampa la nyuma. Nikafungua video, tukaangalia pamoja, mkwaruzo ukaonekana siku ya kwanza, mazungumzo yakaisha kwa kicheko.

Mambo matatu ya ndani ambayo hakuna aliyetuambia vizuri:

Friji ya magari haya nyingi hutumia njia tatu: gesi, betri, au umeme wa kambi ya wasafiri mnapoegesha kulala. Ikiwa ni ya aina hiyo, haipoi gari likiinama. Usiku wa kwanza maziwa yaliharibika kwa sababu tuliegesha kwenye mteremko mdogo ambao hata jicho halikuuona. Tangu hapo nilibeba vipande viwili vya ubao vya kupandishia gurudumu, na bakuli la maji mezani likanionesha kama tumelala sawa.

Gesi funga kwenye chupa kila kabla ya kuondoka, si kwenye jiko tu.

Makabati yana lachi, yaani vifungio. Kila lachi ibonyeze hadi usikie "tak". Kwenye mzunguko wa barabara wa kwanza kabisa mjini Lusaka kabati la juu lilifunguka, trei la mayai 30 likashuka. Mayai manne yalipona. Mama watoto hakusema kitu. Alinitazama tu kwenye kioo mpaka tulipofika Kafue.

Hatua ya 4: Kushoto

Zambia wanaendesha kushoto. Barabara ikiwa imenyooka na kuna magari mengine, utawafuata, hakuna shida. Hatari iko unapotoka kituo cha mafuta alfajiri na barabara ni tupu: mkono wenyewe unakurudisha kulia. Tulimpa pacha mmoja kazi. Kila tunapoingia barabarani alitakiwa kupiga kelele "Kushoto, papa!", na aliifanya kazi hiyo kwa bidii ya askari. Kwenye mizunguko unazunguka kwa mwendo wa mshale wa saa, na unampisha anayetoka kulia kwako.

Urefu wa gari kwenda juu uandike kwenye karatasi, uibandike mbele ya macho yako. Letu lilikuwa karibu mita 3. Paa la kituo cha mafuta na tawi la mwembe havitakuuliza. Unapokata kona, kumbuka mkia wa gari unatupwa upande wa pili. Sisi hatukupita 80 kwa saa, na jua likizama tulikuwa tumekwisha egesha: ng'ombe, baiskeli zisizo na taa, malori yaliyolala barabarani bila alama, giza linaficha vyote.

Hatua ya 5: Hesabu ya maji

Tangi letu lilichukua litre 100. Gawanya kwa watu watano: litre 20 kwa mtu, yaani bidoni moja ya manjano. Nilipowaeleza watoto hivyo walielewa papo hapo, kwa sababu bidoni wanaijua uzito wake. Kila mmoja ana bidoni yake ya siku, ya kuoga, kunywa na sahani. Aliyeimaliza asubuhi, jioni ananawa uso tu. Hatukugombana tena.

Maji machafu ya sinki yana tangi lake chini. Hayamwagwi porini wala kando ya barabara, yanamwagwa kambini mahali palipotengwa. Betri ya ndani inajaa gari likitembea. Siku mbili mkikaa pahali pamoja bila umeme wa kambi, taa zinaanza kufifia na pampu inakohoa. Kumbuka pia plagi za Zambia ni zile za pini tatu bapa, zetu za duara hazitaingia.

Hatua ya 6: Chakula

Unga usibebe kutoka nyumbani. Unga wenyewe tunaokula Lubumbashi mwingi unatoka kulekule! Nyama mbichi nayo usihangaike kuivusha mpakani. Bebeni sufuria nzito, mwiko, chumvi na pilipili yenu. Tulinunua mbabula (jiko la mkaa) na makala (mkaa) njiani, tukapikia nje, na jiko la gesi tukaliachia chai.

Hatua ya 7: Njia yenyewe

Lusaka hadi Livingstone ni kama kilomita 480. Tuliigawa siku mbili tukalala Choma. Baada ya daraja la mto Kafue barabara inagawanyika: moja inakwenda Chirundu, nyingine inakata kulia kuelekea Mazabuka. Tuliikaribia tukibishana, tukaipita, tukageuza gari refu mbele ya wauza nyanya waliokuwa wakitupigia makofi. Mazabuka mtaona mashamba ya miwa hadi macho yachoke, kisha Monze, Choma, Kalomo, Zimba.

Kuhusu maporomoko sitasema mengi, nendeni. Ila jina lifurahieni. Mosi-oa-Tunya si jina geni kwetu: "mosi" ni moshi huu huu wetu, moshi unaonguruma. Mdogo wetu alipouona kwa mbali, kabla ya maji yenyewe, aliuliza nani anachoma shamba. Maji yanaanguka zaidi ya mita 100, na upana ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Vaeni viatu visivyoteleza, na simu iwe ndani ya mfuko wa nailoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kamalondo: Aksanti papa kwa somo. Lakini umeruka choo haraka sana. Nani alikuwa anamwaga?

Jibu: Mama, nilijua swali litakuja. Nilimwaga mimi. Chini ya choo kuna kasha dogo la kama litre 20 lenye mpini, unalichomoa kwa mlango wa nje, unalibeba hadi choo cha kambi, unamimina, unasuuza, unatia dawa yake na maji kidogo, unalirudisha. Kwa watu watano ni kila baada ya siku mbili. Tuliweka sheria: mchana tunatumia vyoo vya kambi na vya vituo vya mafuta, cha ndani ni cha usiku. Kuoga pia mara nyingi ilikuwa kambini, maji ya moto na hakuna wa kuhesabu bidoni.

Kijana wa mtaa wa Golf: Kaka, kwa nini kukodi? Hiace yetu ya nyumbani si tungeweka godoro tu tukaenda nayo?

Jibu: Inawezekana, na usiku wa mwezi wa nane Hiace yenye godoro si mbaya. Lakini hesabu vizuri. Gari la Kongo linahitaji bima ya kuvuka, ile kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), karatasi za forodha za kuliingiza kwa muda, kodi ya moshi, ushuru wa barabara, pembetatu mbili za dharura. Kila karatasi ina dirisha lake. Mkiwa vijana wanne wenye subira, nendeni. Nikiwa na mtoto wa miaka 5 anayelia njaa, mimi nitavuka kwa miguu.

Mzee wa Likasi: Mwanangu, nimeendesha miaka thelathini upande wa kulia. Unafikiri naweza kubadilika uzeeni?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Unaweza, lakini usianzie katikati ya Lusaka saa za jioni. Pokea gari asubuhi ya Jumapili, zunguka mitaa tulivu nusu saa, halafu ndipo utoke. Na mpe mjukuu ile kazi ya kupiga kelele.

Mwalimu Bijou: Gharama jumla?

Jibu: Bei zinabadilika, nitakupa namna ya kuhesabu. Kodi ya siku, zidisha siku, na siku ya kurudisha huhesabiwa. Ulizeni kilomita zina kikomo au la, hapo wengi wanaumia. Mafuta: letu lilikunywa kama litre 12 kwa kilomita 100, kwa hiyo kwenda na kurudi litre 115 hivi, ongezeni kumi za kuzungukazunguka. Kambi wanatoza kwa kichwa, mtoto hulipa pungufu. Halafu dhamana, ambayo inarudi lakini lazima uwe nayo mkononi. Kwacha tulibadilisha mpakani kwa kambisti, yaani mbadilisha pesa. Hesabuni wenyewe mara mbili kabla hajaondoka mbele yenu.

Dada Fifi: Sisi likizo yetu ni mwezi wa kumi na moja. Twende?

Jibu: Dada, safari ndiyo, maporomoko bado. Miezi hiyo maji yanapungua sana na upande wa Zambia mtaona mwamba mtupu sehemu kubwa. Yanajaa baada ya mvua, karibu na mwezi wa nne, lakini wakati huo ukungu ni mwingi hata hamuoni kitu na mnarudi mmelowa hadi mifupa. Mwezi wa saba na wa nane ni katikati, na watoto hawako shuleni.

Mama wa Kamalondo: Na nyani? Nasikia kule wako wengi.

Jibu: Mama, tulifunga milango, tukafunga madirisha, tukasahau tundu la hewa la paani. Tuliporudi kutoka kwenye maji, dume moja lilikuwa limekaa kwenye kiti cha dereva, mkate wetu mapajani, mkono mmoja juu ya usukani. Mdogo wetu akapiga kelele: "Kushoto!"