Ukiingia fani usiyoijua, anza na makala za mapitio

Ndugu zangu watafiti, hasa tulio huku Tanga mbali na maktaba kubwa: fani ngeni usiiingie kwa kusoma utafiti mmoja mmoja, utapotea. Mimi mtu wa udongo wa mashamba ya mkonge, juzi nilihitaji kuelewa magonjwa ya mwani yanayowasumbua kina mama wa pwani. Wiki nzima nilihangaika na makala zinazopingana.

Kilichonitoa ni makala za mapitio, zile ambazo mtaalamu hukusanya tafiti za miaka mingi na kuzipima. Annual Reviews wanazichapisha tangu 1932. Kwa masuala ya tiba wapo Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaoandaa mapitio ya tafiti za afya. Google Scholar nayo ina kichujio cha mapitio pekee.

Tafuta mbili, za waandishi wasiofanya kazi pamoja, ulinganishe marejeo yao. Kazi zinazotajwa kote kuwili ndizo za kuanza nazo. Wanapotofautiana weka alama, maana hapo ndipo mjadala ulipo, na kwangu hapo ndipo penye utamu. Mapitio yakiwa ya zamani, angalia nani ameyataja baadaye.

Na kabla hujalipia makala, muulize mkutubi kama chuo chenu kimejiunga na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu.