Kutoa upya filamu ya zamani ya bunilizi ya kisayansi: rekebisha kwanza, badilisha baadaye

Kuna kazi mbili hapa, na hazifai kuchanganywa. Ya kwanza ni kuirudisha filamu ilivyoonyeshwa siku ya kwanza, ikiwa safi. Ya pili ni kuongeza picha mpya au kubadilisha za zamani. Maliza ya kwanza, ihifadhi, kisha toleo lililobadilishwa litokane na nakala yake. Negativu asilia, yaani filamu iliyopita kwenye kamera yenyewe, isikatwe hata kwa fremu moja.

Vyanzo

Kusanya kila kilichobaki: negativu, nakala za sinema, tepu za sauti, skripti. Metropolis, filamu ya Fritz Lang, ilizinduliwa Berlin Januari 1927, ikakatwa muda mfupi baadaye. Sehemu kubwa ya vipande vilivyopotea ilipatikana Buenos Aires mwaka 2008, kwenye negativu ya milimita 16. Ilikuwa imenakiliwa kutoka nakala chakavu ya milimita 35 bila kusafishwa, kwa hiyo mikwaruzo ilishaingia ndani ya picha yenyewe, na kingo za fremu zilikuwa zimekatika. Warekebishaji hawakubuni kilichokosekana, walipaacha peusi. Mfuatano wa matukio waliupata kwa kiasi kikubwa kwenye nota za Gottfried Huppertz, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, zilizojaa alama za kulinganisha muziki na picha. Usidharau makaratasi.

Kupima na kuskani

Nusa kopo kabla ya yote. Harufu ya siki maana yake asetati, plastiki inayobeba picha, inaoza; itenge na nyingine. Kisha pima kusinyaa: matundu 100 ya pembeni kwenye filamu ya milimita 35 huchukua takriban milimita 475. Ukipata 470, imesinyaa kwa asilimia 1 hivi, na mashine yenye meno inaweza kuichana. Tumia skana inayoivuta kwa roli.

Skana ya kimiminika, inayoilowesha filamu wakati wa kuskani, hujaza mikwaruzo ya upande wa nyuma, isionekane. Mkwaruzo uliong'oa tabaka la picha haujazwi. Huo utauziba kwenye kompyuta.

Andaa nafasi ya kutosha. Fremu moja ya 4K ya biti 10 (4096 × 3112) ni megabaiti 51 hivi. Filamu ya saa mbili ina fremu 172,800, yaani terabaiti 8.8 kabla hujagusa chochote.

Vumbi na nyota

Hapa ndipo filamu za anga huharibiwa na watu wenye nia njema. Programu ya kufuta vumbi hutafuta doa lililopo kwenye fremu moja na halipo kwenye zilizo jirani. Cheche ya mlipuko iko hivyo hivyo. Mwako wa silaha pia. Hata nyota, kamera ikipita kwa kasi. Ukiiachia programu ifanye yenyewe, anga litatoka tupu na mlipuko utapoteza nusu ya moto wake. Zima ufutaji wa moja kwa moja kwenye kila shoti ya anga au ya milipuko, ufanye kwa mkono. Linganisha kabla na baada kwa kutoa picha moja kwenye nyingine, kama hesabu ya kutoa: kinachobaki kiwe uchafu tu. Ukiona umbo la nyota humo, rudi nyuma.

Chembechembe za filamu nazo ziache. Ukizilainisha, nyuso zitafanana na nta.

Kwa rangi, usiamini nakala ya zamani ya Eastmancolor (filamu ya rangi ya Kodak) iliyogeuka ya waridi, kwa kuwa samawati yake imefifia. Nakala ya Technicolor iliyochapwa kwa wino ndiyo kipimo kizuri, ukiipata.

Picha mpya

Shoti mpya hujitenga kwa sababu ni safi mno. Ipe chembechembe zilizopimwa kwenye shoti jirani, mtikisiko mdogo wa fremu, na weusi usiozidi weusi wa filamu. Shoti za zamani zilizounganishwa kimaabara zina chembechembe nyingi zaidi, maana zilinakiliwa mara kadhaa.

Mabadiliko madogo hukubalika kirahisi: kwenye Blade Runner ya 2007 zilifutwa nyaya zilizoshikilia gari la kuruka, na wachache walinung'unika. Kwenye E.T. ya 2002 bunduki za maofisa ziligeuzwa redio za mkononi. Toleo la diski la 2012 likazirudisha bunduki.

Mwaka na neno "limebadilishwa" viandikwe kwenye jalada na mwanzoni mwa filamu. Matoleo yote mawili yaende kwenye tepu za LTO (tepu za kuhifadhi data za kompyuta), nakala mbili, majengo mawili, na tepu moja ifunguliwe na kusomwa yote kabla ya kufuta diski za kazi.