Jumuiya ya Kujifunza Shuleni: Kuianzisha na Kuizuia Isife

Jumuiya ya Kujifunza ni kikundi cha walimu wa shule wanaokutana kujifunza kutokana na kazi yao wenyewe. Fungua daftari la jumuiya hiyo katika shule yoyote iliyoianza kwa ari. Kurasa tatu za mwanzo zimejaa tarehe, mahudhurio na saini. Zinazofuata ni nyeupe. Walimu si wavivu. Mada ilikuwa pana mno ("mbinu shirikishi"), kikao kikageuka kikao cha walimu cha kawaida, na hakuna aliyetoka na kitu cha kufanya darasani Jumatatu. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umeleta mafunzo hadi shuleni. Lakini yatafanikiwa tu ikiwa mtashughulika na tatizo moja dogo kwa wiki kadhaa mfululizo.

Wanaotosha ni walimu wanne hadi wanane. Mkiwa 14, gawanyikeni: walimu wa awali hadi darasa la II wakae peke yao, kwa sababu shida zao za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hazifanani na za mwenzao anayefundisha sayansi darasa la VI. Mkiwa watatu tu, kaeni hivyo hivyo watatu, kisha mwezi mara moja muungane na shule jirani kupitia Afisa Elimu Kata.

Siku ya gulio iacheni, na Ijumaa pia, maana walimu wenye safari za mjini huwa wameshafunga mikoba. Tena angalieni mvua. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini msimu ni Novemba hadi Aprili, na mara nyingi inashuka alasiri. Chini ya bati lisilo na dari hamtasikilizana hata mkikaa meza moja. Miezi hiyo sogezeni kikao kije kabla ya saa nane mchana.

Mwezeshaji asiwe mwalimu mkuu. Ahudhurie, ndiyo, lakini kama mwalimu mwenzenu. Nani atasema mbele ya bosi anayempima kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kwamba kufundisha hesabu za sehemu kunamshinda? Mwezeshaji abadilike kila muhula. Katibu akae mwaka mzima ili kumbukumbu zisipotee.

Sasa kazi yenyewe. Msianze na mada, anzeni na madaftari. Chukueni kumi ya darasa moja: matatu ya wanaofanya vizuri, manne ya wa katikati, matatu ya wanaosuasua. Hesabuni makosa ya aina moja moja. Tuseme ni imla ya darasa la II na watoto saba kati ya kumi wameandika "langi" badala ya "rangi". Mtoto aliyekulia Kinyakyusa hana r katika lugha ya nyumbani, kwa hiyo kosa limeanzia sikioni, na kumwandikisha neno hilo mara ishirini ni kuchosha mkono bure. Andikeni tatizo kwa namna inayopimika: "Watoto 7 kati ya 10 wanaandika l palipo na r." Mkiandika "wanafunzi hawajui kuandika", hamtajua lini mmemaliza.

Chagueni mbinu moja. Kwa mfano huu: jozi za maneno kura/kula, karamu/kalamu, mahari/mahali, dakika tano kila siku. Siku mbili za kwanza mwalimu anatamka huku ameziba mdomo kwa daftari, watoto wanainua mkono wa kulia wakisikia r, wa kushoto wakisikia l. Siku mbili zinazofuata wanatamka wenyewe wawili wawili. Kuandika ni siku ya tano. Wanaoruka hatua ya kusikiliza hurudi kulekule kwenye "langi".

Kisha mwalimu mmoja afundishe, wawili au watatu waangalie. Hapa ndipo jumuiya nyingi hukwama: madarasa ya hao waangalizi yabaki na nani? Unganisheni madarasa mawili chini ya mwalimu mmoja akiwa na zoezi lililoandikwa ubaoni tayari, na mtumie kipindi kimoja tu, dakika 30. Mkijaribu kuangaliana kila wiki, mtachoka kabla ya mwezi kuisha. Mara moja kila wiki tatu inatosha.

Waangalizi wasikae nyuma kama wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule. Wasimame pembeni, mbele, wakiwatazama watoto, kila mmoja na watoto wanne aliopangiwa. Karatasi iwe na safu tatu: dakika, mwalimu alifanya nini, mtoto alifanya au alisema nini. "Mwalimu alijiamini" haisaidii mtu. "Dakika ya 12, mtoto wa dirishani aliinua mkono baada ya kumtazama jirani" inasaidia sana, kwa sababu inaonyesha kwamba alikuwa anaiga, hasikii tofauti.

Mjadala ufanyike siku hiyohiyo, dakika 40. Aliyefundisha aanze yeye, dakika tano, bila kukatizwa. Waangalizi wasome walichoandika bila kutoa maoni, dakika 15. Dakika nyingine 15 ni za kuamua nini kibadilishwe, na tano za mwisho katibu anaandika ukurasa mmoja: tatizo, tulichojaribu, kilichotokea, nani atafanya nini na lini. Baada ya wiki tatu rudieni imla kwa watoto walewale kumi. Saba wakibaki sita, badilisheni mbinu, msibadilishe tatizo.

Posho isemwe kikao cha kwanza kabisa: haipo. Jambo hili likifichwa hulipuka wiki ya nne.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na kukabidhiwa walimu ni msaada, ila visitegemee mtandao siku ya kikao. Mmoja apakue moduli ya Taasisi ya Elimu Tanzania akiwa penye mtandao mzuri, awarushie wenzake kwa bluetooth. Mkipiga picha daftari la mtoto, funikeni jina.

Akili unde nayo imeingia, na kuikataa hakutasaidia. Iagizeni maswali kumi, mkinakili umahiri mahususi neno kwa neno kutoka muhtasari wa somo, na mtaje vitu vya hapa: gunia la viazi, debe la mahindi, parachichi. Chagueni manne, kisha yafanyeni wenyewe kwa kalamu. Huweza kukosea hesabu, kuvuta mada za mtaala wa nchi nyingine na kuchanganya upatanisho wa ngeli. Kusahihisha kazi yake pamoja ni kikao kizuri kuliko semina nyingi, kama mnatuuliza.

Kwa nini haraka? Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika 2024. Walioanza nao wakiwa darasa la III wanamaliza msingi 2027 wakiwa darasa la VI, mwaka uleule ambao darasa la VII la mwisho linamaliza, na wote wanabisha hodi kidato cha I mwaka 2028. Walimu wa sekondari wapange mapema vikao vya kufundisha madarasa makubwa. Wa madarasa ya chini wana Kiingereza kuanzia darasa la I. Tengeni kikao cha kutamka amri za darasani ninyi kwa ninyi, mkisahihishana bila kuchekana.

Likiwashinda jambo la maudhui, mwombeni mkufunzi wa chuo cha ualimu kilicho karibu, kama Tukuyu, Mpuguso au Kleruu. Barua ipite kwa mwalimu mkuu wiki mbili kabla, ikiwa na swali moja na picha za madaftari, la sivyo mtaletewa mhadhara wa jumla. Na katibu akihamishwa, daftari likabidhiwe kwa saini kama funguo za stoo.