Mtoto analia tumbo: jinsi ya kumtambua mwenye kidole tumbo kabla hakijapasuka

Hii naiandika kwa wenzangu mlioko zahanati na vituo vya afya, na mzazi akiipitia pia itamsaidia. Mtoto mwenye kidole tumbo, yaani apendiksi iliyovimba, anapita kwetu kwanza kabla hajafika kwa daktari wa upasuaji, na anakuja na vitu tunavyoviona kila siku, homa kidogo, katapika, hataki kula, tumbo linauma. Anachomwa kidole, kipimo cha malaria kinatoka safi, basi anapimwa Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, anaambiwa ana taifodi kidogo, au mkojo una chembe nyeupe kadhaa anaandikiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), anapewa na dawa ya minyoo juu, huyo nyumbani. Tumbo lenyewe hakuna aliyelishika. Baada ya siku mbili anarudi limekuwa gumu kama ubao.

Nishampokea mmoja wa hivyo usiku, mvulana mdogo wa miaka kama sita, alikuwa ametokea kituo kingine ana mfuko wa dawa mkononi. Aliingia amejikunja, mkono wa kulia umeng'ang'ania nguo juu ya kinena, mguu wa kulia anauburuza. Mama yake akaniambia, "Dokta, kwenye bajaji kila tukipita tuta analia, sehemu tambarare ananyamaza." Hapo mimi nilishajua kabla sijamgusa, kwasababu utando wa ndani ya tumbo ukishavimba, mtikisiko wowote unauma. Thieta walikuta usaha umeshajaa, akakaa wodini siku nyingi, ila alipona. Tangu siku ile swali la matuta siliachi.

Sasa tuanze na historia. Muulize mtoto mwenyewe kama anaongea vizuri, usimuulize "hapa panauma?" maana atakujibu ndio kila utakapogusa, mwambie "nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi" alafu umuulize jana paliuma wapi. Ile hadithi kamili inakuwa hivi: maumivu yalianzia kitovuni, hayaeleweki vizuri, baada ya masaa kadhaa yakahamia chini kulia yakakaa hapohapo, hamu ya kula ikaisha, akatapika, homa ikafuata. Mpangilio ni muhimu sana. Kwenye kidole tumbo kwa kawaida maumivu yanatangulia kutapika, ila mtoto aliyeanza kutapika na kuharisha maji mengi alafu ndo tumbo likaanza kunyonga, huyo mara nyingi ni tumbo la kuharisha la kawaida. Kuhusu hamu ya kula mi huwa nauliza "nikikuletea chipsi sasa hivi unakula?" Mtoto akikataa chipsi kwa moyo wote naongeza umakini.

Watu wengi bado wanaamini kidole tumbo kinaletwa na mchanga kwenye wali au mbegu za mapera. Chanzo cha kawaida ni kile kijitundu chake kuziba, kwa kinyesi kilichokauka au tezi za ukutani mwake zikivimba, mara chache minyoo. Kitu kilichomezwa kinaweza kuingia ila ni nadra mno, ingawa upasuaji wa kwanza wa kukitoa unaojulikana, alioufanya daktari Claudius Amyand kule London mwaka 1735, ulikuwa wa mvulana wa miaka 11 ambaye pini ilikitoboa. Kwahiyo mzazi asijilaumu eti alimpikia wali ambao haujachaguliwa vizuri.

Kwenye kupima tumbo ndo wengi tunakosea, kwa haraka. Mwangalie kwanza bila kumgusa. Anayejinyonganyonga na kugeuka huku na huku pengine ni mchango au haja imekwama, mwenye utando uliovimba analala kimya hataki kutikiswa. Kama ni mdogo mwache mapajani kwa mama yake. Pasha viganja vyako joto, anzia mbali, chini kushoto, zunguka taratibu umalizie chini kulia, na macho yako yawe usoni kwake sio tumboni, maana uso hauwezi kuficha. Anayeogopa mkono wako tumia mkono wake mwenyewe, weka wako juu yake mbonyeze pamoja, au bonyeza kwa kichwa cha stetoskopu ukijifanya unasikiliza.

Sehemu ya kutafuta ni ile aliyoieleza daktari wa upasuaji McBurney mwaka 1889: chora mstari wa kuwaza kutoka kitovuni hadi kwenye mfupa wa nyonga unaojitokeza mbele upande wa kulia, gawa mara tatu, panapouma ni theluthi ya upande wa mfupani. Ukibonyeza kushoto akalalamika kulia, hiyo nayo ni dalili nzuri. Ile tabia ya kukandamiza kwa nguvu alafu kuachia ghafla naomba tuiache kwa watoto, inauma na ukishamliza hivyo hakuruhusu tena kumgusa, gonga tu taratibu kwa kidole juu ya tumbo utapata jibu lilelile. Au mwambie akohoe, au asimame aruke juu mara moja kama anataka kugusa dari. Mtoto anayeruka na kucheka, uwezekano unapungua sana, na anayekataa kabisa au anaruka nusu alafu anashika kulia, huyo usimrudishe nyumbani.

Alafu ujue kidole tumbo hakikai sehemu moja kwa watu wote. Kikiwa kimejificha nyuma ya utumbo mpana, tumbo la mbele linaweza kuwa laini kabisa na maumivu yakawa ubavuni, hapo mlaze ubavu wa kushoto uvute mguu wake wa kulia kwenda nyuma uone kama unamuuma. Kikiwa kimening'inia chini kwenye nyonga kinachokoza kibofu na njia ya haja kubwa, mtoto anakojoa kwa maumivu na kuharisha kidogokidogo, na mkojo unaweza kuonyesha chembe nyeupe, ndo maana kwa mtoto anayeuma chini kulia mkojo wenye chembe kidogo hauwezi kuwa sababu ya kufunga faili.

Usiishie tumboni pia. Mvulana vua suruali uangalie korodani kila mara, korodani ikijinyonga mtoto anasema tumbo kwasababu ya aibu, na ile ina masaa machache tu. Sikiliza kifua, nimonia ya chini ya pafu la kulia inauma tumboni. Pima sukari. Ulizia sikoseli. Msichana aliyevunja ungo mpime ujauzito, kwa staha na bila mama kusimama pembeni.

Kama unataka kitu cha kukuongoza, kuna alama alizozitoa daktari Samuel mwaka 2002 kwa ajili ya watoto, jumla 10. Maumivu kuhamia chini kulia 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, homa 1, chembe nyeupe za damu kuzidi 10,000 alama 1, neutrofili (aina moja ya hizo chembe nyeupe) kuzidi 7,500 alama 1, kuuma chini kulia ukibonyeza 2, na kuuma akikohoa, akiruka au ukimgonga 2. Ukiangalia, hata bila maabara unaweza kufika 8 kwa maneno na mikono tu. Mwenye 3 kushuka uwezekano ni mdogo, 7 kupanda ni wa daktari wa upasuaji leo hii, na 4 mpaka 6 ndo wa kubaki naye na kumfanyia ultrasaundi. Kidole tumbo kilichovimba kwenye ultrasaundi kina upana wa zaidi ya milimita 6 na hakibonyei ukikikandamiza. Ila mpimaji akikwambia hajakiona, hiyo sio sawa na kusema hakipo. Na FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ikiwa ya kawaida nayo haimsafishi mtoto ambaye tumbo lake linakwambia kingine.

Walio chini ya miaka 5 ndo wananinyima usingizi. Hawaugui mara nyingi, ila wakiugua wengi wanafika kimeshapasuka, kwasababu hawawezi kueleza na ile hadithi ya kuhama kwa maumivu huipati. Utaona mtoto ana homa, anatapika, anaharisha kidogo, tumbo limejaa, hataki kubebwa wala kubadilishwa nguo, anakunja paja la kulia. Na mzazi akikwambia yalikuwa makali yakapoa ghafla, usishangilie, pengine ndo kimepasuka sasa hivi, subiri kidogo utaona tumbo zima linaanza kuuma na homa inapanda.

Ukiwa huna uhakika, mbakize. Mpime tena baada ya masaa manne hadi sita, mtu yuleyule ikiwezekana, andika ulichokuta na saa. Kidole tumbo kinazidi, mafua ya tumbo yanapoa. Dawa ya maumivu mpe, ile imani ya zamani kwamba inaficha ugonjwa ilishapitwa na wakati, na mtoto aliyetulia anapimika vizuri zaidi. Asichopewa ni dawa ya kumfanya aharishe, enema, au chai ya mitishamba ya kusafisha tumbo.

Ukiamua kumpa rufaa, asile wala asinywe, weka drip kulingana na uzito wake, na kama tumbo limeshakuwa gumu au homa kali anza antibiotiki kwa mwongozo wa kazini kwako usisubiri afike. Kwenye karatasi ya rufaa usiandike "tumbo linauma" tu. Andika maumivu yalianza siku gani saa ngapi, yalianzia wapi yakahamia wapi, mara ya mwisho kula ni saa ngapi, dawa alizopewa na muda wake, alama zake ngapi. Alafu piga simu wodini uwaambie anakuja, na dereva mwambie apite taratibu kwenye matuta.