Somo: Baiskeli melini, kutoka Malindi hadi Ras Kigomasha

Waendesha baiskeli wengi wanaokuja Zanzibar huzunguka Unguja, wakafika Paje na Nungwi, kisha wakarudi kwao. Pemba hawaioni, na hilo huniuma, kwa sababu sijui kisiwa kingine pwani hii kinachomfaa mtu wa baiskeli kama kile. Somo hili ni kwa anayetaka kupakia baiskeli yake bandari ya Malindi, mjini Unguja, ashuke Mkoani, kusini mwa Pemba, apande kaskazini mpaka kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 70 kwa urefu. Usidanganyike na ufupi huo: mashariki ya Unguja ni tambarare, lakini Pemba ni kilima na bonde toka unashuka melini.

Hatua ya 1: Chagua upepo kwanza, tarehe baadaye

Hapa ndipo safari inapoharibika au kutengenea. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari hutulia, lakini jua ni kali na upepo unakupiga usoni, maana wewe unaelekea huko huko upepo unakotoka. Upepo wa kusi unakusukuma mgongoni barabarani, ila mkondo kati ya Nungwi na Pemba huchafuka, hasa Juni hadi Agosti, na meli hulala huku na huku. Yaani bahari inataka kaskazi, baiskeli inataka kusi. Masika yaache kabisa: udongo mwekundu wa Pemba ukilowa unateleza, na unaganda kwenye madigadi mpaka gurudumu ligome.

Mimi nachagua demani, Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Kusi imelegea, vuli haijaanza, na mara nyingi utakuta karafuu zinachumwa.

Hatua ya 2: Chombo

Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza kupita uwezo wake, na mamia ya watu walipotea. Mapicha yake hayajafutika kwa Wapemba. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: ukiona watu na magunia vimeziba hata njia za kupitia, usipande, ngoja chombo kingine. Ukishaingia, jua maboya ya kuvaa yako wapi kabla hujatafuta pa kukaa.

Kwa baiskeli, meli kubwa yenye mlango wa kuingizia magari ni bora kuliko boti ya mwendo kasi, kwani unaisukuma moja kwa moja mpaka chini. Ulizia nauli ya mzigo unapokata tiketi, na uandikiwe risiti. Beba kitambulisho, mgeni abebe pasipoti.

Hatua ya 3: Kuifunga

Vua mifuko yote. Mwombe baharia akuoneshe mahali pasipopita gari wala mikokoteni, kisha funga fremu kwenye nguzo kwa kamba mbili, moja mbele, moja nyuma. Usifunge gurudumu peke yake: meli ikilala, spoki ndizo zinazobeba uzito wote. Pindisha kipande cha kanga kuukuu kati ya chuma na chuma. Saa, simu na pampu panda navyo juu.

Hatua ya 4: Mkoani hadi Chake Chake

Ukishuka, tafuta maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, uoshe cheni na breki, ufute, utie mafuta. Chumvi haingoji kesho. Kisha jaribu breki zote mbili hapo hapo bandarini, maana mji wa Mkoani uko juu ya kilima na ukishaupanda, mteremko wa kwanza hauko mbali.

Mpaka Chake ni kama kilomita 30. Kwa vilima vile, hesabu asubuhi nzima. Kwenye mteremko bana na kuachia, bana na kuachia. Ukishikilia breki mfululizo, rimu inapata moto na raba zinaisha. Njiani kuna machungwa yaliyomenywa, madafu na mihogo. Ukiona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa barabara, pita mbali nazo. Ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Lala Chake. Mwenye siku ya ziada aende Pujini, kusini mashariki ya mji, akaone magofu ya ngome ya karne ya 15 ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba.

Hatua ya 5: Chake, Wete, Ngezi

Kando ya njia ya Wete kuna kijiji cha Kidike, wanakolala popo wa Pemba, ambaye hapatikani kokote duniani ila kisiwani humo. Aliwindwa kwa kitoweo mpaka akakaribia kwisha, na wanakijiji wenyewe wamesaidia kumrudisha. Lipa kiingilio kwa moyo mkunjufu.

Toka Wete elekea Konde, halafu msitu wa Ngezi. Ghafla jua linapotea juu ya mivule. Ukitoka ng'ambo ya msitu, ufukwe wa Vumawimbi uko upande wa mashariki, na mwisho wa rasi ndiko uliko mnara wa taa wa mwaka 1900.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nina Phoenix isiyo na gia. Nitaweza?

Utaweza. Wapemba hubebea kuni na ndizi baiskeli hizo kila siku. Vilima vikali utashuka na kusukuma, kwa hiyo lala Chake na Wete pia, usilazimishe kufika Konde siku moja.

Swali: Mimi ni mwanamke, navaa stara. Baibui na baiskeli vinapatana?

Dada yangu, baibui lenyewe hapana, litaingia kwenye cheni. Vaa suruali pana uibane kifundoni, juu yake kanzu fupi inayofika magotini, na mtandio ufungwe nyuma. Weka na kifuniko cha cheni. Hayo ni mavazi yanayoheshimika popote Pemba.

Swali: Natoka Tanga. Lazima nizunguke Unguja?

Si lazima, kuna vyombo vya Tanga hadi Pemba, lakini si vya kila siku. Uliza bandarini mwenyewe kabla hujapanga likizo. Jahazi la mizigo likikuita, kataa.

Swali: Naweza kupiga hema Vumawimbi?

Muone kwanza sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, umwambie wewe ni nani na utalala siku ngapi. Akikubali, atakuonesha mahali. Akikataa, rudi Konde kabla ya magharibi.

Swali: Je, nirudi na karafuu kilo kadhaa?

Hapana, kaka. Karafuu za mkulima hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kuzitoa kisiwani kwa njia nyingine ni magendo. Pakiti ndogo ya dukani yenye risiti inatosha.