Kupanga na Kupanda Bustani ya Mimea ya Majani Manene Mjini Dodoma

Mkazi wa Dodoma, ambako kiangazi huanza mwezi Mei na kwa kawaida huendelea hadi Novemba, hudhani kwamba adui mkuu wa bustani yake ni ukame. Kwa mishubiri, mikonge pori na waridi la jangwani, hali ni kinyume. Mimea hii huweka akiba ya maji katika majani, shina au mizizi, na mingi kati yake hufungua matundu yake ya kupumulia usiku, wakati wa ubaridi, ili isipoteze unyevu. Kinachoiua ni maji yanayotuama kwenye mizizi katika miezi ya mvua, kati ya Desemba na Aprili. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kuyatafutia maji njia, na mapambo yafuate baadaye.

Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywee, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa chache, ardhi inafaa. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, kama ilivyo katika udongo mweusi wa mfinyanzi, usipande hapo kabla ya kuinua tuta la sentimita 30 hadi 45 lenye mteremko upande mmoja. Mchanganyiko ninaoutumia mimi ni ndoo mbili za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, ndoo moja ya changarawe ndogo, na ndoo moja ya udongo wa juu uliotiwa mboji kidogo iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi isiingie kabisa. Lowesha mchanganyiko huo, ufumbate kwa nguvu, kisha ufungue kiganja: ukiporomoka wenyewe, uko tayari, ukibaki donge lenye alama za vidole, ongeza mchanga.

Mawe yapangwe kabla ya mimea. Dodoma imejaliwa majabali, na bustani hupendeza zaidi ikifuata sura ya vilima vyake: mawe ya aina moja, makubwa kwa madogo, kila moja likizikwa hadi theluthi yake ili lionekane limezaliwa pale. Mmea mrefu, kwa mfano mshubiri wenye shina, usiwekwe katikati kabisa bali pembeni kidogo, kisha mikonge pori ipandwe kwa mafungu karibu nao, na ile inayotambaa iachiwe ukingo wa tuta. Acha nafasi tupu bila wasiwasi, kwa kuwa miche inayoonekana midogo leo itaijaza, na hewa inayopita kati ya mimea hukausha shingo zake, yaani pale shina linapokutana na mizizi, upesi baada ya mvua.

Wakati mzuri wa kupanda ni mvua kubwa zinapokwisha, ili mizizi ipate miezi mingi ya kushika kabla ya msimu mwingine wa mvua. Kipande kilichokatwa kianikwe kivulini kwa siku nne hadi saba, mpaka jeraha lifunge gamba kavu, kwani likizikwa bichi huoza. Shingo ya mche ibaki juu ya udongo, izungushiwe kokoto badala ya majani makavu, na umwagiliaji wa kwanza usubiri takriban wiki moja. Miche iliyokulia chini ya neti kitaluni izoezwe jua kwa wiki mbili, maana doa la kuungua halifutiki jani lile likiwa hai. Mshubiri kugeuka mwekundu wakati wa kiangazi si ugonjwa, na waridi la jangwani kupukutisha majani wakati wa baridi ni desturi yake.

Mnyaa una umbo zuri, lakini utomvu wake mweupe hudhuru macho vibaya, hivyo usiupande mahali watoto wanapochezea, na vaa glavu unapoukata. Mpungate, aina ya kakati yenye miiba, usiupande hata kidogo: huko Laikipia, Kenya, jamii zake zimevamia malisho na kuwajeruhi mifugo kwa miiba. Wala using'oe mishubiri porini. Nunua kitaluni au omba chipukizi kwa jirani, ambayo hata hivyo hushika kwa urahisi zaidi.

Katika kiangazi, choma kijiti kwenye udongo hadi sentimita tano. Kikitoka kikavu, mwagilia shinani hadi maji yafike chini, kisha uache mpaka udongo ukauke tena. Katika miezi ya mvua usimwagilie, bali pita asubuhi baada ya kila mvua kubwa ukikagua shingo za mimea. Mshubiri unaooza huanza kwa jani la chini kuwa laini na kung'aa kama limechemshwa, na ukilivuta huchomoka bila ukinzani likiwa na harufu mbaya. Ukiuona siku hiyo hiyo, ung'oe, kata hadi ufikie nyama safi isiyo na weusi, anika jeraha, na uupande upya mahali palipoinuka zaidi.