Subaru Forester ya 2005 au Toyota Fielder ya 2015: pima kabla ya kulipa

Mwaka wa kuundwa usikupumbaze. Kagua kwanza namna kila gari linavyovuta. Forester hii (umbo la SG5) huvuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo ina propela, difu ya nyuma na, kwenye otomatiki, klachi ya sahani ndani ya gia. Fielder nyingi huvuta kwa mbele tu, kwa gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua.

Kwenye Forester anza na tairi. Zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa. Zungusha tepi ya fundi cherehani kwenye kila tairi: mzingo ukitofautiana kwa zaidi ya milimita 6, ile klachi imekuwa ikisuguana bila kupumzika. Endesha dakika 15 gia ipate moto, kisha tafuta uwanja wa lami, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole, kulia halafu kushoto. Gari likishikwa kana kwamba breki zimekanyagwa, klachi imeganda. Ukisikia ka-ka-ka mbele, jointi ya shafti imekwisha. Chungulia mipira inayoifunika, huenda imepasuka na grisi imerukia rimu.

Beliti ya taimingi ya Forester hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, vali hugongana na pistoni. Muuzaji asiye na risiti ya kazi hiyo, hesabu kwamba haikufanywa, hata akiapa. Harufu ya oili inayoungua mara nyingi ni gasketi za vifuniko vya vali: injini imelala, hivyo oili hudondokea ekzosi. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta na uwashe. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi ya hedi iliyoharibika.

Fielder yenye injini ya 1NZ hutumia cheni badala ya beliti, hapo umepumua. Hatari yake ni CVT. Ijaribu kwenye mlima, mathalani kutoka Nakuru kupanda Mau Summit: injini ikinguruma na kasi isiongezeke, au gari likitetemeka likiondoka, achana nalo. Uliza pia iliwekwa oili gani. ATF ya kawaida (oili ya gia otomatiki) huiua.

Ulaji wa mafuta usiulize, pima. Jaza mpaka pampu ijikate, tembea angalau kilomita 100, jaza tena pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita. Tuseme moja inakupa kilomita 10 kwa lita na nyingine 15: kwa kilomita 12,000 kwa mwaka, tofauti ni lita 400. Zidisha kwa bei ya mafuta ya mji wako inayotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kisha ujumlishe matengenezo yanayodaiwa sasa.

Kwa safari za lami, Nakuru hadi Njoro au Kisumu mjini, chukua Fielder. Anayeishi ndani kule Ahero, ambako mvua hugeuza udongo mweusi kuwa utelezi, ataihitaji Forester, mradi awe tayari kununua tairi nne kwa mpigo.